Watu Wangu Wote ni Warangi

Jumatano, 1 Septemba 1954

Nimenunua daftari hili leo, kwa sababu mtu mwenye akili asipoandika, akili yake inaishia kwenye maneno ya barazani.

Nimepata kazi. Kazi! Kuezeka bati ghala jipya la chama cha wakulima wa karanga, kule Ihumwa, karibu na reli. Bati mia mbili na arobaini. Tangu niteremke kutoka Kondoa na nyundo moja na viatu vya kuazima, sijawahi kushika kazi kubwa namna hii. Ni kazi ya kumfanya fundi aitwe kontrakta hata na watu wanaomchukia.

Ila kuna sharti. Katibu wa chama anataka cheti cha bima kabla ya Jumatatu tarehe 13. Fundi akiumia alipwe, ndivyo alivyosema. Cheti kisipofika, kazi anapewa Gideoni wa Nkuhungu. Gideoni! Mtu anayepima bati mara tatu ndipo apige msumari mmoja! Nikamwambia katibu kwamba cheti kipo, nimekisahau nyumbani.

Sasa lazima nijue bima ni kitu gani.

Alhamisi, 2 Septemba

Nimekwenda kwa Lalji. Mbele anauza vitenge na sufuria, chumba cha nyuma ndiyo ofisi ya bima, yeye ni wakala wa kampuni fulani ya Dar es Salaam. Akanieleza polepole, kama mtu anayemlisha mgonjwa uji. Bima inakwenda kwa mishahara na kwa hatari ya kazi. Kwa kila shilingi mia ninazowalipa mafundi, wa bati ni shilingi saba, wa matofali nne, na wa rangi moja na nusu tu, maana mpaka rangi anasimama chini anapaka ukuta, hana haraka, hana pa kuangukia.

Shilingi saba! Nikamwambia mafundi wangu hawaanguki. Lalji akasema hakuna fundi anayeanguka mpaka siku atakayoanguka. Maneno ya muuza bima hayo. Akaongeza kwamba nikiwa na ngazi nzima, kamba nzuri, na nikikaa mwaka mmoja bila mtu kuumia, kampuni itanipunguzia. Mwaka mmoja! Mimi siwezi hata kungoja chai ipoe.

Nina mafundi sita, wote watu wa kwetu Kondoa. Mnyapara wao ni Hasani, shemeji yangu, mdogo wake mke wangu Mwajabu. Hasani anatembea juu ya kenchi za paa kama mtu anayekwenda sokoni kununua vitunguu.

Mwajabu amesema nilipe. Hasani ana watoto watatu, akianguka nani atawalisha? Nikamwambia mfanyabiashara halipii jambo ambalo halijatokea. Akaniuliza mbona kila jioni nafunga mbuzi ambaye hajatoroka. Nikatoka kwenda kutembea. Upepo mwingi, vumbi machoni, nikarudi, nikatoka tena.

Ijumaa, 3 Septemba

Mpango wa kwanza: kupunguza watu. Baada ya sala nilimwendea Lalji nikamwambia nimekosea hesabu, mafundi wangu ni wawili. Wale wanne wengine ni jamaa tu, wanakuja kunitazama nikifanya kazi.

Lalji akasema jamaa hao aliwaona mwaka jana juu ya paa la ghala lake mwenyewe, wanatazama huku wamebana misumari kwenye meno.

Nilikuwa nimesahau kwamba paa lile ni letu. Wahindi wana kumbukumbu mbaya sana. Yaani nzuri, lakini mbaya kwangu.

Jumamosi, 4 Septemba

Mpango wa pili: kamba. Kama kamba zinapunguza bei baada ya mwaka, kwa nini zisipunguze leo? Nilinunua kamba ya katani, nikapanda paa la jiko la nyumbani, nikajifunga kiunoni, upande mwingine nikaufunga kwenye boriti. Nikawaita Mwajabu na Hasani waje kushuhudia. Nikaruka.

Nimeteguka kifundo cha mkono. Hasani aliniokota, akaikagua kamba, akasema kwa heshima zote, "Shemeji, kamba ni ndefu kuliko nyumba."

Hasani hana kosa ila hilo moja, kusema kweli kabla mtu hajakung'uta vumbi.

Jumatatu, 6 Septemba

Siku saba zimebaki. Tangu asubuhi sikai. Nimekwenda stesheni mara mbili bila shughuli. Mara ya pili nikamwona Lalji anapanda gari moshi kwenda Dar es Salaam, majuma mawili na zaidi! Ofisi amemwachia dada yake, Bi Khairunissa, mjane aliyefika mwezi huu kutoka Unguja. Mama wa miwani, kalamu nyuma ya sikio, Kiswahili chake cha kunyooka mpaka mtu unaona aibu kukohoa mbele yake. Hii bara yetu haijui. Juzi aliuliza sokoni kama Mgogo ni aina ya mbuzi.

Nilipokuwa naondoka stesheni nikakutana na Gideoni juu ya baiskeli yake. Akanipa salamu yake ya Kigogo, "mbukwa", nikaipokea kwa shingo upande. Kisha akauliza kwa sauti, wachukuzi wote wasikie, "Je, Mbwana, Warangi wako bado wanangoja cheti?"

Nikasimama kama niliyepigwa na radi.

Warangi wangu. Wa rangi wangu! Mtu wa Kondoa ni Mrangi. Mpaka rangi ni mtu wa rangi. Shilingi moja na nusu! Na aliyenipa ni Gideoni, mdomo wake mwenyewe! Nilimshukuru mara tatu. Akaniangalia kwa wasiwasi akaondoka.

Jumanne, 7 Septemba

Imekwisha. Sikusema uongo hata neno moja, na nataka hilo liandikwe hapa.

Nilimwamkia Bi Khairunissa shikamoo ndefu. Akaifungua fomu. Akauliza watu wangu wangapi, nikasema sita. Akauliza ni watu wa bati, wa matofali au wa rangi. Nikaweka mkono kifuani nikasema Wallahi, Bibi, wote sita ni Warangi.

Akauliza tangu lini. Nikasema tangu kuzaliwa. Baba zao Warangi, babu zao Warangi. Akavua miwani. Akauliza kama hata wanawake wao ni wa rangi. Nikasema hasa wanawake. Akasema Mashaallah, huko Unguja hajapata kusikia ukoo mzima ulioshika kazi moja namna hiyo, siku hizi watoto hawataki kufuata ufundi wa wazee. Nikainamisha kichwa kwa unyenyekevu.

Akaandika, akagonga muhuri. Nilitoka mle ndani natembea kama mwenye mji.

Mwajabu aliponiuliza kama Hasani sasa yumo kwenye bima, nikasema yumo, mzima mzima, kichwa mpaka unyayo. Akafurahi, akachinja kuku. Kuku alikuwa mtamu. Ila paja nililirudisha sahanini, sijui kwa nini.

Jumatano, 8 Septemba

Katibu amekipokea cheti. Kimeandikwa Kizungu, yeye alitazama muhuri na tarehe, akakitia kwenye faili. Jumatatu tunaanza. Nimepita Nkuhungu kwa baiskeli ya kuazima, njia ambayo si yangu kabisa, ili Gideoni anione nikipita. Hakuwapo. Nikapita tena. Nikaambiwa yuko kanisani. Nimechoka miguu bure.

Alhamisi, 9 Septemba

Balaa. Bi Khairunissa ameniita. Anataka nimpakie rangi ofisi yote, na baraza, na madirisha, kabla kaka yake hajarudi. Buluu ya mbingu na nyeupe. Anasema hawezi kutafuta mwingine wakati mji una ukoo wa wapaka rangi tangu babu.

Ningesema nini? Nikasema kwa furaha, Bibi.

Jumamosi, 11 Septemba

Mafundi wangu hawajui kupaka rangi. Nilijua hawajui, lakini sikujua hawajui kiasi hiki. Mmoja alipaka dirisha pamoja na kioo. Mwingine alikuwa anapiga brashi ukutani badala ya kuiburuta, mkono umezoea nyundo, kila pigo linamrushia mwenzake buluu usoni. Hasani alisimama nyuma akaniuliza tunafanya nini hapa, sisi ni watu wa bati. Nikamwambia anyamaze, nitamweleza. Akaniambia nimweleze sasa.

Nikamweleza. Nilidhani atacheka, maana mpango ni mzuri, na mpango mzuri humchekesha hata adui. Hasani hakucheka. Aliniuliza swali moja tu, kwamba Jumatatu, akiwa juu ya kenchi, bima inamjua au haimjui. Nikasema inamjua jina. Akachukua brashi akaendelea kupaka.

Bi Khairunissa alipokuja kukagua alikwaruza kioo cha buluu kwa ukucha. Kisha akauliza, babu yao alikuwa anapaka wapi hasa? Nikasema pangoni. Jambo hilo lingeweza kuwa kweli, kwetu kuna mapango yenye picha za kale. Akasema anaona.

Jumatatu, 13 Septemba

Tumeanza Ihumwa! Kenchi zimesimama, bati zinang'aa mpaka zinaumiza macho. Na mimi nimelifikiria lile swali la Hasani. Si mtu mbaya mimi. Nimepata dawa yake: kila fundi anayepanda juu atafungwa kiunoni kopo la rangi na brashi. Akianguka, Mungu apishe mbali, ataanguka akiwa na brashi. Nani atasema huyo si mpaka rangi?

Nilinunua makopo sita ya rangi nyekundu, ile ya kuzuia kutu. Mafundi wananung'unika kwamba makopo yanawagonga magotini. Nikawaambia hiyo ndiyo bima yao, waivumilie. Hasani kafunga lake, akakaza fundo mara mbili, akapanda. Napenda zaidi aniseme.

Siwezi kukaa chini. Nimezunguka ghala mara arobaini, nimehesabu.

Alhamisi, 16 Septemba

Naandika hospitali, kwa mkono wa kushoto, maana ule wa kulia umeteguka tena pale pale. Nitaeleza kwa mpangilio ili ionekane kosa si langu.

Asubuhi Gideoni alikwenda kwa Bi Khairunissa kukata bima ya kazi nyingine. Akatajiwa shilingi saba. Akaona kuta za buluu, akauliza nani kazifanyia hivi. Akaambiwa ni wa rangi wa Bwana Mbwana, ukoo mzima tangu babu. Gideoni, ambaye hana hata chembe ya uungwana, alicheka mpaka akakaa chini, kisha akamweleza kwamba Mrangi ni kabila, kama Mgogo, na kwamba Mgogo naye si mbuzi.

Saa sita hivi nikaona gari la Lalji linakuja na vumbi lake njia ya Ihumwa. Ndani, miwani inameremeta! Nikapiga kelele kwa walio juu, pakeni! Pakeni rangi! Hakuna aliyenielewa upesi. Nikakwea ngazi mwenyewe na kopo langu, nikaanza kupaka bati la kwanza lililokuwa mbele yangu, kwa bidii, kama mtu aliyezaliwa hivyo.

Rangi mbichi juu ya bati jipya, mafundi wanapita hapo hapo. Hata mtoto angejua. Hasani alikuja kuniambia nishuke, akakanyaga palipo na rangi, mguu ukamtoka. Akateleza mpaka ukingoni, akabaki ananing'inia kwa mikono miwili, chini yake sakafu ya saruji, na lile kopo langu la bima linamvuta kiunoni.

Nasema kweli hapa kwa sababu hakuna atakayesoma. Niliogopa kuliko siku yoyote ya maisha yangu. Niliwaona wale watoto watatu. Nilimwona Mwajabu na yule kuku. Nikataka kumfikia nikashindwa kusogea, na ni wale wenzake waliomshika mikono wakampandisha, mzima, goti tu limechubuka.

Nikavuta pumzi, nikasimama wima kumshukuru Mungu. Ndipo nikateleza mimi.

Mguu umevunjika chini ya goti. Nilipofumbua macho Bi Khairunissa alikuwa ameniinamia. Nikamwonyesha brashi, nilikuwa bado nimeishika. Akasema pole sana. Kisha akasema kwa Kiswahili chake kile safi kwamba cheti ni cha kupaka kuta tu, mtu akiwa chini, kwa hiyo kwa kazi hii hakifai kitu. Na hata kingefaa, bima ile ni ya wafanyakazi, mwenye kazi hayumo.

Mwenye kazi hayumo! Kwa nini hawakuniambia mapema? Ningejiandika mfanyakazi.

Ijumaa, 17 Septemba

Plasta inawasha. Nimelazwa kitanda cha dirishani, siwezi kugeuka. Kwa mtu kama mimi hii ni jela. Nimeomba nihamishiwe kitanda kingine, wakanihamisha, nikaomba nirudishwe.

Katibu ameniletea barua. Chama kimeninyang'anya kazi. Amepewa Gideoni.

Mwajabu amekuja na uji. Hasani amemwambia kila kitu, pamoja na habari za brashi. Nilingoja matusi. Hakunitukana. Alininywesha uji mpaka ukaisha, akanifuta mdomo, akasema alichinja kuku yule kwa sababu aliniamini. Basi. Ningependa angepiga kelele, wodi nzima ikasikia, tukamaliza.

Jumatatu, 20 Septemba

Amekuja Hasani. Amevaa shati la kazi, kofia mkononi. Akaniamkia kama kawaida. Akasema amekuja kuniaga kwa heshima, kwa kuwa mimi ni mume wa dada yake na ndiye niliyemleta mjini. Tangu leo yuko kwa Gideoni, na wenzake watano pia, na wanarudi kwenye ghala lile lile.

Nikamwuliza Gideoni anawalipa shilingi ngapi zaidi. Akasema anawalipa sawa na mimi, tena kazi yake ni ya kupimapima, inachosha. Nikamwuliza basi kwa nini. Akasema Gideoni alikwenda nao wote kwa Bi Khairunissa, akawasimamisha mbele yake, akasema hawa ni watu wa bati, niandikie saba.

Nikasema saba ni wizi. Hasani akageuzageuza kofia.

"Shemeji," akasema, "kuteleza si neno. Paa ni paa. Lakini siku zile tatu nilizokuwa juu, wewe chini ulikuwa unajua bima hainijui."

Akaniwekea machungwa mawili kwenye meza akaondoka taratibu, anachechemea kidogo. Nilimfuata kwa macho dirishani mpaka akapotea njia ya Ihumwa, na roho iliniuma, iliniuma hasa. Nimeyaacha machungwa pale pale.

Jumatano, 22 Septemba

Siku mbili nimefikiri. Sina la kufanya ila kufikiri, na hatimaye nimeona mahali nilipokosea.

Leo Lalji, aliyerudi kutoka Dar es Salaam, alipita kunitazama. Hakunifokea, alinipa pole, akasema kuta zake ataziacha hivyo hivyo ziwe fundisho. Nikamwuliza jambo moja tu la biashara. Bima inahesabiwa juu ya mishahara, sivyo? Akasema ndivyo. Na asiye na mfanyakazi hata mmoja, analipa kiasi gani? Lalji akanitazama, akatazama mguu, akasema halipi kitu.

Halipi kitu!

Sifuri! Nimehangaika na kamba, na jamaa, na Warangi, kumbe njia ilikuwa nyeupe. Gideoni huko Nkuhungu amebeba mafundi sita wangu kwa saba saba, mjinga yule, na mimi hapa kitandani nimeishusha bima mpaka chini kabisa, hakuna kontrakta Jimbo la Kati lote aliyewahi kufika nilipofika. Nilimweleza Mwajabu alipoleta chakula. Alilichukua bakuli likiwa bado nusu akatoka nalo.

Nasikia Bahi wanataka kujenga ghala la mpunga. Nimeshaomba karatasi kwa muuguzi. Kesho nitaandika bei yangu, na kwa kuwa sina fundi hata mmoja wa kumkatia bima, sioni nani atakayeweza kutaja bei ya chini kuliko yangu.